Kuzunguka Mlima Kenya kwa gari dogo: anzieni upande upi?

*SWALI: Mimi na mke wangu tunakaribia kutimiza miaka mitano ya ndoa. Tungependa kuzunguka Mlima Kenya kwa gari, sisi wawili tu, watoto wabaki kwa nyanya yao. Tunaishi Nairobi na gari letu ni Vitz otomatiki ya cc 1,300. Mpango ni kuondoka Ijumaa jioni baada ya kazi na kulala Nanyuki. Jumamosi tupite Meru, Chuka na Embu, tukalale Nyeri. Jumapili tuone maporomoko ya Thomson kule Nyahururu, kisha turudi nyumbani kupitia Naivasha na Mai Mahiu, hata kama ni usiku. Tunafikiria Julai kwa kuwa hakuna mvua. Shida ni kwamba mke wangu anaogopa miteremko. Shemeji alimwambia breki za gari dogo hazihimili milima na afadhali tukodi gari kubwa. Pia hutapika akipita kona nyingi. Anaendesha, lakini hapa mjini tu. Mimi nikiteremka huweka N ili kuokoa mafuta na sijawahi kupata tatizo. Je, tukodi gari? Na mpango wetu una kasoro gani?*

JIBU: Hongereni kwa miaka mitano, na hongera kwa kuwaza safari ya barabarani badala ya kujifungia hotelini. Kazi yangu ni kuwafunza madereva barabara za milimani, na swali la aina hii huletwa kwangu na wachumba, wanandoa na hata wazee waliostaafu. Wote huuliza kuhusu gari, ilhali wasiwasi mkubwa kwa kawaida uko kwenye ratiba. Nitakujibu moja kwa moja kisha nieleze sababu. Msikodi gari kubwa. Geuzeni mwelekeo wa safari. Punguzeni mambo mnayotaka kuyaona. Na hiyo N, ndugu yangu, uiache kabisa.

Nianze na mlima wenyewe, kwa sababu ukiuelewa utaweza kupanga safari hii bila mimi. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana, na kilele chake kirefu, Batian, kina mita 5,199. Upepo wenye unyevu hutoka upande wa Bahari ya Hindi, ukaupiga mlima mashariki na kusini, ukakosa njia ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa hushindwa kuubeba mvuke wake, ndipo mvua hunyesha Embu, Chuka na Chogoria. Upepo huo ukifika Timau na Nanyuki huwa umeshamwaga sehemu kubwa ya maji yake. Ndiyo maana upande mmoja mtaona majani chai, kahawa na migomba hadi ukingoni mwa lami, na upande wa pili mashamba ya ngano na nyika ya Laikipia iliyonyooka hadi macho yanapoishia.

Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyochonga barabara mtakayopita. Mashariki, mito mingi hushuka kutoka mlimani ikichimba mabonde, na barabara ya Embu hadi Meru inazunguka mlima kwa hiyo inalazimika kuivuka yote: Thuci, Nithi, Mutonga na vijito vingine. Kila mto ni mteremko, daraja na mwinuko. Magharibi, kati ya Nanyuki na Naro Moru, mabonde ni machache na barabara imetulia. Kwa hiyo hofu ya mkeo ina anwani. Haipaswi kuenea safari nzima. Iko kwenye kilomita kama 130 kati ya Embu na Meru, na hizo ndizo zinazohitaji mwanga wa mchana, mwili uliopumzika na gari lililokaguliwa.

Sasa mtazame mpango wenu. Mngezifikia kilomita hizo Jumamosi mchana mkitokea Meru, mkiwa mmechoka na safari ya Ijumaa usiku, na mngeteremka kwenye daraja la Nithi kutoka upande wa Meru. Julai 2022 basi lililokuwa likitoka upande huo lilitumbukia kwenye bonde la mto huo, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Siyasemi haya kumtisha mkeo. Nayasema kwa sababu mteremko huo una sifa yake mbaya, na nyinyi mna uhuru wa kuupanda badala ya kuushuka. Mkianzia Embu mwende Chuka, kisha Meru, mtakuwa mnaupanda. Bado mtateremka kulifikia daraja kutoka upande wa Chuka, maana daraja lina pande mbili, ila mtakuwa mmeamka muda si mrefu na breki hazijachoka.

Mwelekeo huo una faida nyingine ambayo kwa safari ya mapenzi si ndogo. Mkizunguka kwa kuanzia Embu, mlima unabaki mkono wenu wa kushoto safari nzima, upande wa dirisha la abiria. Mkianzia Nanyuki unakuwa upande wa dereva, na dereva anayetazama mlima haitazami barabara.

Turudi kwa shemeji. Kuna ukweli kidogo katika alichosema, lakini ameukosea mahali pake. Gari likiteremka, nguvu yote ya uzito wake lazima iende mahali fulani, na ukikanyaga breki inageuka kuwa joto. Fanya hesabu: gari lenu na nyinyi ndani pamoja na mizigo ni kama kilo 1,200. Mkishuka mita 300 za wima kwa breki pekee, joto linalozalishwa lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 10 za maji. Joto hilo lote linaingia kwenye diski, ngoma na pedi za breki. Gari kubwa lina breki kubwa, ni kweli, lakini uzito wake unaweza kuwa mara mbili, kwa hiyo joto lake nalo ni mara mbili. Malori na mabasi yana breki kubwa kuliko zote na ndiyo yanayoongoza kwa kuzipoteza. Kinachoamua ni mguu wa dereva na gia aliyoweka.

Breki zikipata joto kupita kiasi, mambo mawili hutokea. Kwanza pedi hupoteza mkwaruzo wake: unakanyaga kwa nguvu zaidi na gari linapunguza mwendo kidogo tu. La pili ni baya zaidi na hutokea kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa polepole, mwaka hadi mwaka, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mapovu, na povu hubonyea. Ndipo pedali inazama hadi sakafuni na hakuna kinachotokea. Madereva wengi wa Nairobi hubadilisha oili ya injini kwa bidii lakini hawajawahi kubadilisha mafuta ya breki tangu wanunue gari. Mjini hawaoni tofauti, kwa sababu foleni ya Thika Road haipashi breki joto kama mteremko mrefu.

Dawa ni kuiachia injini sehemu ya kazi. Kabla ya kuanza kuteremka, si katikati, toa gia kwenye D uweke ya chini. Kwenye otomatiki huandikwa S, B, L au 2, kutegemea gari. Magari mengine yana kitufe cha O/D kando ya gia, cha kuizuia gia ya juu kabisa. Utasikia injini ikinguruma na gari likijizuia. Mngurumo huo humshtua asiyeuzoea, lakini hauumizi injini mradi sindano ya mizunguko ya injini isiingie kwenye eneo jekundu. Breki unazitumia kwa vipindi: unakanyaga kwa uthabiti, mwendo unapungua, unaachia kabisa zipate hewa, kisha unakanyaga tena. Kinachoziua ni kule kuegemeza mguu juu ya pedali mteremko mzima.

Kuhusu N, nimekutana na imani hii kwa watu wazima wenye leseni za miaka mingi, kwa hiyo usijilaumu. Imetokana na magari ya kabureta. Gari lenu hunyunyizia petroli kwa kompyuta. Ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia na linateremka, kompyuta hukata petroli, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N, magurudumu yameachana na injini, na injini inahitaji petroli ili isizime. Kwa hiyo kwenye mteremko N hula mafuta zaidi, na juu ya hapo inakunyima breki ya injini. Hujapata tatizo kwa sababu miteremko ya Nairobi ni mifupi.

Kukodi gari kubwa kuna maana katika hali moja: kama mnataka kuacha lami. Njia ya kupanda lango la Chogoria, au ile ya kutoka lango la Naro Moru kwenda kituo cha hali ya hewa kilicho kwenye mita 3,000 na kidogo, huhitaji gari ambalo injini husukuma magurudumu yote manne (4x4), na mvua ikinyesha hata hilo linaweza kukwama. Kwa lami pekee, gari mlilolizoea ni salama kuliko kubwa mlilopewa funguo zake jana yake. Gari refu kwenda juu pia hulala zaidi kwenye kona, jambo ambalo halitamsaidia mkeo na tumbo lake. Njia nyingine ni kukodi gari pamoja na dereva. Mtaangalia mandhari wote wawili, hilo ni kweli, ila mtu wa tatu atakuwa nanyi safari nzima. Mjipime wenyewe. Mimi kwa miaka mitano ya ndoa nisingemchukua.

Hili la kutapika lina suluhisho ambalo huenda hamjalifikiria: mkeo aendeshe. Kichefuchefu cha safari hutokea sikio la ndani linapohisi kona huku macho yakitazama kitu kilichotulia, kama simu au kiti cha mbele, na ubongo ukapokea habari zinazokinzana. Dereva huiona kona kabla haijafika na mwili wake hujiandaa, ndiyo maana madereva hawatapiki sana. Unasema ameendesha mjini tu. Basi mpeni mazoezi. Jumapili moja asubuhi nendeni Kiserian, mshike barabara ya Magadi, mshuke Kona Baridi yeye akiwa usukani na gia ikiwa chini, mgeuze na mpande. Akishafanya hivyo mara kadhaa, hofu ya miteremko yenyewe itakuwa imepungua, kwa sababu hofu hiyo ni ya abiria: ya mtu anayeteremka bila kushika chochote. Akiwa hataki kuendesha, akae mbele, atazame mbali barabarani, asisome simu, ale kitu chepesi kabla. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, mwulizeni mfamasia. Nyingi huleta usingizi, kwa hiyo aliyezimeza asishike usukani.

Sasa Julai. Ni kweli mvua kubwa ya masika huwa imekwisha, lakini hakuna mvua si sawa na kuna jua. Kuanzia Juni hadi Agosti nyanda za juu za Kati hufunikwa na mawingu mazito ya chini na manyunyu, na mnaweza kuuzunguka mlima mzima msiuone hata ncha. Januari na Februari ndiyo miezi yake. Kama tarehe ya ndoa iko Julai, sherehekeeni Nairobi siku yenyewe kwa chakula kizuri, safari ifuate baadaye. Na mwezi wowote mtakaokwenda, mlima huonekana alfajiri. Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na ikifika katikati ya asubuhi vilele hujifunika. Huweza kufunuka tena jioni.

Kwa hiyo ningeisuka safari yenu hivi. Omba ruhusa ya nusu siku Ijumaa mtoke kabla ya msongamano. Pale Makutano mpinde kulia kuelekea Mwea, mpite kwenye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na maji ya mlima huo huo, mnunue pishori mkitaka, mlale Embu. Ni kama kilomita 130 tu. Jumamosi mfungue kinywa bila haraka, kisha mwanze mabonde. Simameni. Chogoria na Nkubu ni nchi ya majani chai na ndizi, na kusimama dakika kumi baada ya kila bonde kubwa hupoza breki na tumbo kwa pamoja. Pikapu za miraa zitakuja kwa kasi kubwa zikielekea Nairobi. Mkiiona moja inalipita gari jingine kwenye kona mbele yenu, punguzeni mwendo na mkae kushoto kabisa. Kusini kidogo ya mji wa Meru mtavuka ikweta, na mtaivuka tena Nanyuki.

Baada ya chakula cha mchana Meru, zimebaki kilomita kama 80 hadi Nanyuki, na kwangu hizi ndizo tamu kuliko zote. Mkishafika makutano ya Subuiga, misitu inabaki nyuma na nchi inafunguka: ngano kushoto, na kulia ardhi inaporomoka kuelekea Isiolo na kaskazini yote. Hapa gari litaonekana limechoka. Halijaharibika. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko kwa kuwa hewa ni nyepesi, na Timau iko juu zaidi ya Nairobi. Weka gia ya chini, kaa nyuma ya lori, usilazimishe kulipita. Fikeni Nanyuki kabla ya giza, maana jua la jioni hupiga upande wa magharibi wa mlima moja kwa moja. Jumapili muamke mapema mtoke nje. Kutoka Nanyuki jua huchomoza nyuma ya mlima, kwa hiyo mtauona mweusi wenye kingo za dhahabu, vilele vya Batian na Nelion vikisimama kama pacha.

Kisha mrudi polepole kupitia Naro Moru na Karatina. Mkitaka, ingieni Nyeri kidogo, alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki mwaka 1941. Mle samaki Sagana, mfike Nairobi jua halijatua.

Utagundua nimeuondoa Nyahururu. Maporomoko ya Thomson, yenye urefu wa zaidi ya mita 70, yanastahili safari yake, pamoja na milima ya Nyandarua na barabara ya Ol Kalou na Njabini. Kuyasukuma Jumapili kunamaanisha kupanda ile barabara ya zamani ya Mai Mahiu, waliyoijenga mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, usiku, ndani ya ukungu, nyuma ya foleni ya malori, mkiwa na hamu ya kufika kulala. Hapo ndipo mtu mwenye busara hulipita lori kwenye kona asiyoiona mwisho wake. Sikubali hilo hata kwa gari jipya. Kama unaweza kupata Jumatatu ya mapumziko, isitumie kuongeza mji. Lala usiku wa pili Nanyuki.

Kabla ya hayo yote, mpelekee fundi gari wiki moja mapema, si Alhamisi jioni. Fundi mwenyewe, ana kwa ana, kwa sababu haya hayawezi kupimwa kwa maandishi. Mwambie afungue magurudumu yote manne na akuonyeshe unene wa pedi, abadilishe mafuta ya breki kama yamepita miaka miwili au hakuna anayejua umri wake, akague mpira wa tairi ikiwemo ya akiba, na atazame rejeta. Kama ndani kuna maji ya bomba, atie kipozi halisi cha injini (coolant): juu milimani maji huchemka mapema kuliko pwani, na kwa Nairobi tu ni karibu nyuzijoto 94. Kisha uliendeshe siku kadhaa. Pedali ikiwa laini, gari likivuta upande mmoja ukifunga breki, au taa nyekundu ya breki ikiwaka, msiondoke hadi lirekebishwe.

Njiani mkinusa harufu ya kuungua baada ya mteremko, tafuteni mahali tambarare, msimame kando na kuweka pembetatu za kuonya, mweke P na jiwe nyuma ya gurudumu, msubiri nusu saa. Msimwagie diski maji, zinaweza kupinda au kupasuka. Ikitokea pedali imezama mkiwa mnateremka, kanyageni haraka haraka mara nyingi, mshushe gia, mvute breki ya mkono taratibu, mpige honi na mtafute mwinuko au kingo ya udongo ya kujikwaruzia.

Mkeo akiwa mjamzito, au mmoja wenu ana ugonjwa wa moyo, selimundu au pumu isiyotulia, muoneni daktari kabla ya kuweka nafasi ya kulala. Nanyuki haiko juu sana kwa mtu wa Nairobi, lakini mkishawishika kupanda hadi malango ya mbuga mtakuwa mmekaribia au kupita mita 2,500, mahali ambapo kichwa na pumzi huanza kulalamika kwa baadhi ya watu.

Na kama mvua kubwa itanyesha mfululizo Alhamisi na Ijumaa hiyo, acheni mashariki. Pandeni moja kwa moja hadi Nanyuki kupitia Karatina, mlale siku zote mbili huko, na mrudi kwa njia ile ile. Embu na Meru mtazizunguka mwezi unaofuata.